Kifo Kisicho na Halmashauri

Nchi ninayotaka kuwasimulia iko mbali sana, na msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ilikuwa na wizara nyingi, lakini iliyopendwa kuliko zote ilikuwa Wizara ya Vipimo na Mashindano ya Halmashauri. Waziri wake, Mheshimiwa Kasiano Ndelwa, alikuwa mtu wa huruma. Aliona jinsi wananchi walivyokuwa wakihangaika kujua kama wanaishi vizuri au vibaya, akaamua kuwapunguzia mzigo huo. Kila mwaka wizara ilizipima halmashauri zote, ikazipanga kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho kama timu za mpira, na msimamo ukasomwa redioni. Mwananchi wa halmashauri ya juu akisikia njaa, alijua ni mawazo yake tu.

Halmashauri ya kwanza ilipewa kikombe. Ya mwisho ilipewa kinyago cha mpingo, mdomo umepinda na mashavu yamebonyea, na mkurugenzi wake alitakiwa kukivaa usoni na kuzunguka uwanja mzima huku bendi ikipiga. Wapo waliosema hiyo ilikuwa adhabu. Waziri aliwasahihisha kwa upole.

"Ile ni motisha," alisema. "Tofauti ya adhabu na motisha ni bendi."

Mwaka ninaouzungumzia, aliyekivaa kinyago alikuwa Bwana Erasto Nyangindu, Mkurugenzi wa Halmashauri ya Mkungulu. Hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke mapema. Alikuwa akifika kazini kabla ya wafagizi, na watumishi wake walipofiwa alikwenda kuketi nao matangani hata kama hakuwajua vizuri. Lakini siku ile alipokuwa akizunguka uwanja, alimwona kupitia matundu ya kinyago binti yake mwenyewe, aliyekuwa kwenye gwaride la wanafunzi. Binti aliangalia chini mpaka baba alipopita. Waliporudi nyumbani hakumwamkia, na Nyangindu hakuwa na ujasiri wa kumuuliza kwa nini.

Kilichoizamisha Mkungulu kilikuwa kitu kimoja tu: vifo vya akina mama wanaojifungua. Madawati yalikuwepo, vyoo vilikuwepo, hata maua mbele ya ofisi yalimwagiliwa. Lakini akina mama walikuwa wakifa, na hakuna aliyeelewa sababu. Hospitali ya Mkungulu ilikuwa ya zamani, sawa, lakini ilikuwa na chumba cha upasuaji, ilikuwa na damu kwenye jokofu, na ilikuwa na mkunga mkuu, Muuguzi Zamda Kiluvia, ambaye nusu ya vijana wa mji ule walikuwa wamepita mikononi mwake wakiingia duniani.

Kwa mujibu wa sheria, halmashauri ya mwisho ilitakiwa kwenda kujifunza kwa halmashauri ya kwanza. Na ya kwanza haikuwa mbali. Ilikuwa Sengereka, jirani wa kupakana, ng'ambo ya Mto Nyakole. Ukivuka daraja la zege tayari umefika. Basi Nyangindu akaongoza ujumbe wake, na Zamda akiwemo, wakaenda kujifunza.

Walipokewa na Mkurugenzi wa Sengereka, Bibi Leokadia Msuha, mwanamke nadhifu mwenye sauti laini ya mtu asiyewahi kuvaa kinyago. Aliwatembeza hospitalini. Wodi ya wazazi ilinukia sabuni. Mashuka yalikuwa meupe, yamenyooshwa bila kunyanzi, na juu ya kila mto kulikuwa na ua moja.

"Wagonjwa wako wapi?" Zamda aliuliza.

Bibi Msuha alicheka kidogo. "Dada yangu, hakuna kitu kinachoharibu hospitali kama wagonjwa."

Ujumbe mzima ulicheka. Zamda hakucheka.

"Ngojeni niwaeleze, maana ndicho kilichowaleta," Bibi Msuha aliendelea. "Mama anayejifungua vizuri, anajifungulia hapa. Tunampiga picha, tunampa kanga, anakwenda zake. Mama tunayeona hali yake inaelekea kubaya, tunampakia kwenye gari haraka sana. Hapo ndipo tunapowashinda wengine, kwenye uharaka."

"Mnampeleka wapi?"

"Kwenu."

Watu wa Mkungulu wakatazamana. Nyangindu alidhani amesikia vibaya.

"Kwetu wapi?"

"Mkungulu. Mbona mmeshtuka? Mimi nilidhani mnajua! Mmekuwa mkitupokelea siku zote, na kwa kweli tunashukuru sana. Ujirani mwema ni kitu kikubwa."

"Kwa hiyo wale wanaokufa kwangu..."

"Ni wako," Bibi Msuha alisema kwa upole. "Mwongozo uko wazi. Kifo ni cha halmashauri ambamo moyo umesimama. Sikuuandika mimi, uliandikwa wizarani na watu waliosoma."

Wakanywa chai, wakapiga picha ya pamoja, wakaagana.

Garini Zamda alimgeukia Nyangindu kwa hasira. "Mkurugenzi, hili tulipeleke kwa Waziri. Leo hii. Wale akina mama walikuwa wanaachwa getini usiku bila barua, wameshaishiwa damu, mimi nikilala nikijiuliza nimekosea wapi. Kumbe wanasukumwa!"

Nyangindu alikuwa akitazama nje. Walikuwa wakivuka daraja.

"Kumbe ni rahisi hivi," alisema.

Mageuzi yalianza wiki ileile. Nyangindu aliwakusanya watumishi wote wa hospitali kwenye ukumbi, akapanda jukwaani akiwa amevaa suti.

"Ndugu watumishi," alisema, "kuanzia leo, Mkungulu si mahali pa kufia!"

Makofi yakapigwa.

"Nimefanya uchunguzi wa kina. Nimegundua kwamba sehemu inayoongoza kwa vifo katika hospitali hii ni chumba cha upasuaji. Nimekifunga. Ufunguo ninao mimi mwenyewe. Kwa kufanya hivyo tu, kabla hata hatujaanza kazi, tayari tumeboresha huduma."

Makofi yakapigwa tena, na Mganga Mkuu akasimama kabisa, maana alikuwa akikaribia kustaafu.

Zamda alinyoosha mkono. "Mkurugenzi, na damu iliyoko kwenye jokofu?"

"Swali zuri. Wizara inapima akiba ya damu. Jokofu likiwa limejaa, tunapata alama zote. Ikitoka chupa moja, alama zinashuka. Kwa hiyo haitatoka."

"Sasa damu hiyo ni ya nini, kama si ya wagonjwa?"

"Ni ya akiba, Mama Zamda. Neno lenyewe linajieleza."

Tangu siku hiyo gari la wagonjwa la Mkungulu likawa linavuka daraja kwenda Sengereka, na la Sengereka linavuka kuja Mkungulu. Madereva walipishana katikati, wakapungiana mikono. Mambo yalikwenda hivyo mpaka Bibi Msuha alipogundua kwamba mwanafunzi wake amefuzu. Akaweka kizuizi upande wake wa daraja, na bango: KARIBU SENGEREKA, HALMASHAURI YA KWANZA. MAHUTUTI HAWARUHUSIWI. Keshoye Nyangindu naye akaweka kizuizi upande wake, na bango kubwa kidogo kuliko lile.

Wakati huo kulikuwa na mwanamke mjini Mkungulu aitwaye Mwajabu. Mumewe, Shomvi Likwata, alikuwa fundi baiskeli karibu na soko, na Mwajabu alikaanga vitumbua palepale pembeni ya banda la mumewe. Wateja walisema walikuja kwa ajili ya vitumbua, lakini ukweli walikuja kumsikiliza. Alikuwa na maneno ya kuchekesha kwa kila mtu. Shomvi hakuwa msemaji. Alikuwa ameinama juu ya mnyororo wa baiskeli, akimsikiliza mkewe, akitabasamu peke yake.

Walikuwa wamesubiri mtoto tangu walipooana, na hawakuoana juzi. Mimba ilipokaa, Mwajabu alipunguza mwendo lakini hakupunguza maneno. Mtu akimuuliza mtoto ataitwa nani, alisema, "Sitaji jina la mtu ambaye hatujaonana."

Uchungu ulimshika alfajiri, siku ya soko. Shomvi alimpeleka hospitali kwa miguu, polepole, na njiani bado walikuwa wakicheka. Lakini jua lilipokuwa limepanda damu ilianza kutoka, na haikuwa damu ya kawaida. Zamda aliitazama mara moja, akavua glavu, akaenda mbio hadi ofisi ya Mkurugenzi.

"Nipe ufunguo."

Nyangindu alijua ufunguo upi. "Mama Zamda, keti kwanza."

"Sikai. Kuna mama anatoka damu. Anahitaji kupasuliwa na anahitaji kuongezewa damu. Daktari yupo, damu ipo, chumba kipo. Kilichobaki ni ufunguo."

"Na kama atafia mezani?"

"Na kama atapona?"

"Akipona, ni mmoja kati ya wengi waliopona. Hakuna anayeona. Akifa, nazunguka uwanja." Nyangindu alishusha sauti. "Wakaguzi wanakuja wiki ijayo. Mpaka sasa hatuna kifo hata kimoja. Hata kimoja, Mama Zamda! Mpelekeni Sengereka."

"Sengereka wameweka kizuizi."

"Basi mkajaribu. Dereva nimeshamwambia."

Na kweli, Zamda aliporudi wodini alikuta Mwajabu ameshapakiwa. Hakuwa na la kufanya ila kupanda naye. Shomvi alikaa sakafuni, kichwa cha mkewe mapajani.

Darajani, kizuizi cha Sengereka kilikuwa kimeshushwa. Mlinzi alichungulia ndani ya gari.

"Huyu ni mahututi?"

"Fungua, kaka, tafadhali," Zamda alisema.

"Nimeuliza kama ni mahututi. Mahututi hawapiti. Wageni wanapita, wafanyabiashara wanapita, watalii tunawapokea kwa mikono miwili."

"Ni mtalii," Shomvi alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua kinywa tangu watoke hospitali.

Mlinzi alimtazama Mwajabu, kanga zake zilivyolowa. "Amekuja kutalii nini?"

"Hospitali yenu. Tumesikia ni nzuri."

Mwajabu aliguna, na Zamda aliniambia baadaye kwamba anaamini kabisa kile kilikuwa kicheko.

Mlinzi akapiga simu kwa wakubwa wake. Haukupita muda mrefu, Bibi Msuha akafika na gari lake. Kwa upande mwingine Nyangindu naye alikuwa amelifuata gari la wagonjwa. Wakurugenzi wawili wakakutana katikati ya daraja, kila mmoja na mpiga picha wake, wakasalimiana kwa heshima, wakauliziana habari za familia.

"Mwenzangu, huyu ni mkazi wako," Bibi Msuha alisema.

"Ukazi haupimwi. Kinachopimwa ni moyo umesimama wapi, uliniambia mwenyewe."

"Ndiyo maana hatavuka."

"Na mimi sitamrudisha. Lakini tuelewane kama watu wazima. Akijifungua salama, uzazi utakuwa wa nani?"

Bibi Msuha alifikiri. Uzazi salama ulikuwa na alama nyingi. "Tugawane. Wewe uandike, na mimi niandike."

"Na likitokea la kutokea?"

"Likitokea la kutokea, hakuna anayeandika."

Wakapeana mikono. Nyuma yao watu wa soko walikuwa wameanza kujaa, na wachuuzi walitua mizigo yao.

Zamda aliteremka garini, mikono yake imelowa mpaka kwenye viwiko. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa Nyangindu.

"Mtoto anakuja sasa hivi, hilo halinitishi. Kinachonitisha ni kitakachofuata. Nipe ufunguo, nirudi naye. Nakuomba. Mimi sijawahi kukuomba kitu."

Nyangindu alitia mkono mfukoni. Watu waliokuwa karibu waliuona ule mkono ukikamata kitu ndani ya suruali, ukikishika kabisa.

"Ukimrudisha, ni wako," Bibi Msuha alisema taratibu.

Mkono ukatoka mtupu.

Mtoto alizaliwa palepale, ndani ya gari lililosimama, milango ikiwa wazi na wanawake wa soko wameshika kanga kuzunguka ili kumsitiri. Alikuwa wa kike, akalia kwa nguvu. Wakurugenzi wote wawili wakapiga makofi, na wapiga picha wao wakaja mbele. Mwajabu alionyeshwa mtoto. Akamtazama kwa muda.

"Havijawa," alisema. "Mwiteni Havijawa."

Kisha damu ikaja kama maji. Wapiga picha wakarudi nyuma. Bibi Msuha akarudi nyuma hatua kadhaa upande wa Sengereka, na Nyangindu akarudi nyuma upande wa Mkungulu, hata wakabaki Zamda na Shomvi na wale wanawake. Zamda alikandamiza kwa ngumi, akakandamiza kwa uzito wake wote, akiita, "Mwajabu! Mwajabu, nitazame mimi!" Shomvi alikuwa akimwambia mkewe habari za baiskeli. Hakujua la kusema, hakuwa msemaji, basi akawa anamsimulia baiskeli iliyoletwa jana, ilikuwa na tatizo gani na aliitengenezaje, na Mwajabu alimsikiliza mpaka mwisho.

Alizikwa nyuma ya nyumba yake. Kwenye makaburi ya mji Shomvi aliambiwa anahitaji kibali, na kibali hutolewa na halmashauri ambamo marehemu alifia. Alikwenda Mkungulu, akaambiwa hakufia Mkungulu. Alikwenda Sengereka, akaambiwa hakufia Sengereka, na karani wa huko, kijana mwenye adabu nyingi, akamwongezea kwamba kwa kumbukumbu zilizopo mkewe hajafa kabisa, kwa hiyo apokee hongera. Majirani hawakusubiri zaidi. Walichimba wenyewe.

Wakaguzi walikuja, wakaondoka wamefurahi. Msimamo uliposomwa redioni, Mkungulu na Sengereka zilikuwa zimefungana kileleni, hazina kifo hata kimoja, na kila moja ilikuwa na uzazi salama wa mtoto aitwaye Havijawa, siku ileile na saa ileile. Wizarani walidhani ni pacha. Waziri Ndelwa alifurahi mno. Aliagiza vikombe viwili, na akataka mama wa watoto hao aje uwanjani apewe mkono.

Siku ya sherehe uwanja ulijaa. Jina la Mwajabu Likwata likatangazwa. Kwa muda hakuna aliyetokea. Kisha Shomvi akashuka kutoka kwenye ngazi za wananchi, amembeba mtoto, na Zamda akimfuata nyuma kidogo.

"Mtoto mzuri," Waziri alisema kwenye kipaza sauti. "Pacha wake yuko wapi?"

"Hana pacha, Mheshimiwa."

"Na mama yake?"

"Amekufa."

Waziri akageuka kuwatazama wakurugenzi, nao wakatazama vikombe vyao. "Haiwezekani. Hizi halmashauri hazina kifo. Alifia wapi?"

"Darajani, Mheshimiwa."

"Daraja la ngapi?" Waziri aliuliza, maana kwake neno hilo halikuwa na maana nyingine. "La kwanza au la pili?"

"La Mto Nyakole. La zege."

Wataalamu wakamzunguka Waziri, wakanong'ona. Jasho lilikuwa likimtoka Nyangindu. Hatimaye Waziri alinyanyua uso, na uso wake ulikuwa umeng'aa.

"Ndugu wananchi, msiwe na wasiwasi! Nimeelezwa hapa kwamba daraja lile si la Mkungulu wala si la Sengereka. Ni la Wakala wa Madaraja. Kifo hiki ni cha Wakala, na Wakala haumo kwenye mashindano yetu!"

Jukwaa kuu likapiga makofi kwa faraja.

"Hakufia kwenye daraja," Zamda alisema. Hakuwa na kipaza sauti, lakini sauti ya mkunga imezoea kusikika. "Alifia mikononi mwangu. Damu yake ilikuwa kwenye jokofu, na chumba cha kumponyesha kilikuwa kimefungwa."

"Wewe ni nani?"

"Muuguzi."

"Wa halmashauri ipi?"

Nyangindu aliruka mbele kabla Zamda hajafungua kinywa. "Siku ile alikuwa likizo, Mheshimiwa! Alikuwa pale kama raia wa kawaida."

"Vizuri," Waziri alisema. "Raia hawapimwi."

Bendi ikapewa ishara. Wanawake wa soko walikuwa wamepangwa kuimba wimbo wa pongezi, wameshonewa na sare. Walisimama, lakini hawakuimba. Bendi ikapiga peke yake, na mwenye tarumbeta, alipoona hakuna mtu anayeitikia, akashusha chombo chake akawa anakifuta kwa leso. Waziri alisubiri kidogo, akatazama saa, akaingia garini.

Nyangindu alipofika nyumbani na kikombe, binti yake alimkimbilia mlangoni, akamwamkia, akamshika mkono. "Hongera, baba." Baba alikiweka kikombe chini, akapita kwenda chumbani bila kumtazama usoni.

Zamda hakufukuzwa, kwani kufukuza mtumishi kunapunguza alama. Alihamishwa. Walimtoa wodi ya wazazi, wakampa kazi ya kuwafuatilia majumbani akina mama waliojifungua kisha wasihudhurie kliniki, kwa sababu mahudhurio nayo yalikuwa yakipimwa, na hapo Mkungulu ilikuwa imeteleza kidogo. Siku ya kwanza ya kazi alielekezwa aanze na mama mmoja sugu, jirani na soko, ambaye tangu ajifungue hajaonekana hata siku moja.

Alimkuta Shomvi mbele ya nyumba, anamnywesha mtoto maziwa kwa kijiko. Banda la baiskeli lilikuwa limefungwa. Wakasalimiana. Zamda akampokea Havijawa, akampima uzito mkononi kwa mazoea, akaona kuwa anakua. Akakaa naye kizingitini.

"Umekuja kututembelea, au umetumwa?" Shomvi aliuliza.

"Nimetumwa." Zamda alilazimika kuanza upya. "Nimetumwa kumwita Mwajabu. Wanasema hajafika kliniki."

Shomvi alikiweka kijiko kwenye kikombe. Hakukasirika. Alisimama, akasogea pembeni ili njia ya kwenda nyuma ya nyumba iwe wazi.

"Mwite," alisema.